Toleo la Nne Halikufika Njombe

Harufu ya wino wa magazeti mapya, ule unaobaki vidoleni ukishika karatasi, hunifanya mpaka leo nitake kumwomba mtu radhi. Juzi nilikuwa dukani Njombe mjini, nasubiri mitihani ya wanafunzi wangu itoke kwenye mashine. Muuzaji akafungua bunda la magazeti, harufu ikanijia, na kabla sijajizuia nikajikuta nimesema, "Samahani, babu." Muuzaji mwenyewe alikuwa kijana. Aligeuka kutazama nyuma yake aone huyo babu yuko wapi.

Wa rika langu mtakumbuka jinsi maduka yalivyojaa ghafla. Tulizoea rafu tupu na sabuni ya kupangia foleni, kisha ikaja ruksa, na sokoni pakamwagwa mitumba inayonuka dawa, biskuti za makopo, dawa za meno za rangi mbilimbili. Wakubwa walikuwa na majina yao kwa mambo hayo. Sisi watoto tuliona rangi tu, rangi kila mahali, katika mji ambao nusu ya mwaka ukungu huwa umeulalia na mabati yote ni ya kijivu.

Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyofunga ofisi ya Baba. Alikuwa karani wa mizani mahali walipokuwa wakinunua pareto ya wakulima, na jioni alirudi na vumbi la maua makavu kwenye koti. Ukimkumbatia lazima upige chafya. Siku moja wakaambiwa kila mtu sasa auze anapotaka, mizani ikafungiwa ndani, na Baba akakaa nyumbani miezi mitatu akitengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Kisha akaenda Makambako kwa wasafirishaji wa viazi. Alikuwa anarudi Jumamosi mbili kwa mwezi. Koti lake halikunuka pareto tena, lilinuka dizeli, na ndani ya koti, amekikunja mara moja tu kisivunjike, alituletea kitabu cha Mkono wa Shaba.

Sijui kama kilifika kwenu. Kilikuwa kitabu cha katuni, kurasa zake chache, karatasi ya kijivu ya kukwaruza. Mkono wa Shaba alikuwa fundi wa reli aliyemwagikiwa na shaba iliyoyeyuka, mkono wake wa kulia ukapata nguvu ya kusimamisha treni. Kwa kuwa shaba ya Zambia inapita Makambako kwa reli, mimi na kaka yangu Festo hatukuwa na shaka kwamba yule mtu ni wa kwetu. Festo alinizidi miaka mitatu. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji. Alikuwa na daftari aliloandika kila toleo: namba yake, yaliyotokea ndani, na nani ameazimwa. Hukuruhusiwa kugusa la kumi na tisa kama hujasoma la kumi na nane. Ukijaribu alikuuliza maswali, na ukikosea swali moja unarudi nyuma.

Toleo la thelathini na saba lilimwacha Mkono wa Shaba chini ya daraja lililomporomokea, maji yamemfika kidevuni. Chini yake wakaandika kwamba yataendelea. Hayakuendelea. Mwezi ukapita, na mwingine, na mingine mingi. Baba alituambia wachapaji wamefilisika, karatasi imewashinda. Festo hakukubali. Nilimsikia akimwombea Mkono wa Shaba kwenye sala ya chakula, na Mama hakumkataza.

Kisha Jumamosi moja Baba akatoa kwenye koti kitu kinachong'aa. Jalada jekundu, karatasi laini kama ya kalenda, na harufu hiyo ya wino niliyoisema. Alikuwa Mkono wa Shaba, lakini kijana zaidi, kifua kimetanuka, na juu yake kwa herufi kubwa: Toleo la 1.

"Wamepata tajiri mpya," Baba akasema. "Wameanza upya. Siku hizi kila kitu kinaanza upya."

"Na daraja?" Festo akauliza.

"Daraja gani?"

Festo alikipekua kitabu kile kama mtu anayetafuta chawa. Daraja halikuwemo. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini kabisa, pale wanapoandika anuani, akakuta mstari mdogo ambao sisi wengine tusingeuona. Akaninyooshea: toleo la 1, mfululizo mpya, la 38 tangu mwanzo.

"Unaona?" akaniambia, na uso wake ukarudi. "Namba kubwa ni ya wanaokuja sasa, wasiogope kwamba wamechelewa. Hii ndogo ni yetu sisi tuliokuwepo. Hawajatufuta."

Tangu siku ile daftari likawa na safu mbili za namba, kubwa kwa kalamu nyekundu na ndogo kwa bluu. La pili lilikuwa la 39. La tatu lilikuwa la 40. Festo aliridhika. Mimi sikuridhika, ila sikusema. Katika vitabu vya zamani Mkono wa Shaba alikuwa na mke, Tabu, aliyekaanga maandazi stesheni. Katika vipya alikuwa anaishi Dar es Salaam peke yake, na hakuna aliyemtaja Tabu.

"Mkewe yuko wapi?" nilimuuliza Festo.

"Yupo. Hawajamchora tu."

Sikumwamini. Nilikuwa na imani yangu mwenyewe, na sijui niliitoa wapi: kwamba mtu akishaanza tena kuhesabu moja, wale wa nyuma ndio basi. Niliona akilini ofisi fulani yenye mtu anayewapiga mstari.

Baba alipokuja tena alileta toleo la tano. Festo alilipokea kwa mikono miwili kama kawaida, akatazama jalada, akafungua ukurasa wa mwisho, akasimama palepale mlangoni.

"Baba, la nne liko wapi?"

"Hakuna la nne. Wameruka. Hawa watu wapya, hesabu imewachanganya."

"Lakini na ndogo imeruka, Baba. La tatu lilikuwa la arobaini. Hili ni la arobaini na mbili. Lazima lipo la arobaini na moja."

Alisema kwa furaha, kama anayemsaidia Baba kutatua jambo. Nakumbuka hata alikuwa anatabasamu. Baba akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa.

"Unanihesabia, Festo?"

"Hapana, Baba, mimi..."

Akampiga kofi. Baba hakuwa mtu wa kupiga. Kofi lenyewe halikuwa kubwa, ila Festo aliangusha kitabu, na sisi wote tukakitazama pale sakafuni kana kwamba ndicho kilichopiga. Mama alikuwa jikoni akisonga ugali. Alitokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Namba gani imekosekana?" akauliza.

"Nne, Mama," nikasema.

Akarudi kwenye sufuria yake. Nilidhani hakujali. Baadaye Baba, akitafuta kusawazisha, alituambia kosa ni la mzee mmoja muuza magazeti kituoni Makambako, kwamba anawapa wenye fedha kwanza na wengine tunabaki bila. Nilimshika yule mzee moyoni. Sijawahi kumchukia mtu nisiyemjua kama nilivyomchukia yeye. Nililala nikimtengenezea sura: meno marefu, kucha chafu, anakalia toleo letu la nne kama kuku anayeatamia.

Toleo la sita likaja, kisha Baba mwenyewe hakuja. Wiki mbili, nne, sita. Likizo ya Juni ikafika na baridi yake, ile ya kuamka na kukuta majani yamepauka kwa barafu. Mama alikuwa amemfumia Baba sweta. Asubuhi moja akatuita, mimi na Festo, akanichana nywele kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka, akatukabidhi sweta ndani ya mfuko.

"Baba Anitha wa hapo jirani anapeleka viazi Makambako kwa lori. Mtakaa naye mbele, mtarudi naye jioni. Mpeni baba yenu sweta." Akanifunga kitufe cha shingoni. "Na mwangalie anaishi vipi."

Nimekuwa mama mimi mwenyewe ndipo nikaelewa kwamba sweta ilikuwa kisingizio. Angeweza kumpa Baba Anitha ampelekee. Alitaka kujua, na hakuweza kwenda mwenyewe, akatuma macho yetu. Simlaumu. Lakini ningependa siku ile angetuambia tunatumwa nini.

Makambako palinitisha kwa upepo. Kwetu ukungu hukaa. Kule upepo ulikuwa unakimbia na vumbi na mifuko ya plastiki kati ya malori ya Zambia yaliyojipanga kama nyumba. Baba Anitha alisimama sokoni kushusha viazi, akatuonyesha kituo kwa kidole. Hatukujua Baba anakaa wapi. Festo alitaka tuwaulize wapakiaji. Mimi nilikuwa nimeshamwona mzee wa magazeti.

Hakuwa na meno marefu. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa kwa uzi, ameketi nyuma ya meza, na kila gazeti kaliwekea jiwe lisipeperushwe na upepo. Waliokuwa wanamwita walimwita Mzee Sefu. Nilisahau hata shikamoo.

"Wewe ndiye unayetuibia!" nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Tunataka toleo letu la nne!"

Watu wakageuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa ananunua gazeti akalirudisha mezani taratibu. Festo alinivuta mkono.

"Shikamoo, babu," akasema yeye. "Msamehe. Ni Mkono wa Shaba. La nne halikutufikia."

"Marahaba." Mzee Sefu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi sijaiba kitu cha mtoto maisha yangu yote, binti. Nani huwachukulia?"

"Baba yetu," Festo akajibu. "Yosefu. Wa viazi, anatoka Njombe."

"Yosefu simjui. Namjua Yusufu wa viazi. Huchukua mawili kila toleo, sijawahi kumwuliza la pili la nani. Ila la nne lilinijia moja tu, mengine yalilowa mvua garini, nikampa hilo hilo moja. Baba Zuhura ni mtu mwema, hawezi..."

Nilimwona akinitazama mimi, kisha Festo, paji la uso la Festo, ambalo ni la Baba kabisa, mpaka ule mkunjo wa katikati. Akaanza kuyahamisha mawe yake bila sababu.

"Au nimechanganya," akasema. "Macho ya uzee haya. Kaeni wajukuu zangu, niwaagizie chai. Mmetoka na baridi mbali."

Labda tungekaa, tukanywa chai, tukarudi Njombe na sweta yetu. Lakini msichana mmoja alikuja akikimbia kutoka upande wa reli, mrefu, mtandio umemshuka mabegani.

"Shikamoo babu! Baba anauliza namba saba imefika?"

Mzee Sefu alifumba macho.

Tulimfuata. Hakuna aliyetuzuia, na yeye Zuhura alifurahi kufuatwa. Alituuliza tunasoma darasa la ngapi, akatuambia yeye ana miaka kumi na mmoja, akatuambia ana mdogo wake anaota jino. Alipotaka kujua tumekuja kwa nani, Festo alisema, "Kwa mtu wa viazi," na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima. Mimi nilikuwa nahesabu. Kumi na mmoja. Mimi kumi. Baba Zuhura, alisema yule mzee. Kwetu Baba anaitwa Baba Festo, kwa kuwa Festo ndiye wa kwanza. Mtu huitwa kwa mtoto wake wa kwanza.

Baba alikuwa uani amevaa fulana, anamrusharusha mtoto mchanga hewani. Alituona. Alimshusha mtoto polepole sana mpaka kifuani, akamshikilia hapo. Mwanamke aliyekuwa anapepeta mchele alituangalia, akamwangalia Baba, akaingia ndani.

"Mmekula?" Baba akauliza.

Ndilo neno alilolipata. Tukala. Ulikuwa wali na maharage, na kwetu wali ni wa Krismasi. Niliuchukia kwa jinsi ulivyokuwa mtamu. Mama Zuhura alituwekea nyama kubwa kuliko za wanawe. Zuhura, ambaye alikuwa hajaelewa au ameelewa na anajitahidi, akaleta vitabu vyake, cha kwanza hadi cha sita, akatoa cha nne akanipa.

"Soma. Hapa ndipo anatoka chini ya daraja. Mimi sikuelewa daraja gani."

Festo aligeuza uso ukutani. Mimi nilikisoma chote, nimeketi kwenye kigoda chao, na sikumbuki hata picha moja.

Tulipoondoka Baba alitusindikiza mpaka sokoni amevaa sweta. Ilimkaa vizuri. Hakutuomba tusiseme. Alisema tu, "Jumamosi nitakuja. Nitaongea na mama yenu mwenyewe." Zuhura alikuwa ametufuata nyuma, akanisukumia toleo la nne mkononi nikae nalo. Festo alilichukua kwangu, akamrudishia kwa heshima.

Ndani ya lori, Baba Anitha akiimba kwa sauti ya chini, Festo alinisogelea sikioni. "Usimwambie Mama kitu. Sisi hatujui. Tumeona jalada tu. Baba amesema Jumamosi, tungoje Jumamosi."

Nikaitikia. Nami nilikuwa na nia ya kungoja. Lakini Mama hakuniuliza mbele ya Festo. Aliniita jikoni kupuliza moto, akakaa kwenye kinu, akauliza taratibu, "Anaishi vipi?" Na mimi nilikuwa nimebeba kumi na mmoja njia nzima kama kaa la moto kiganjani. Nilitaka achukie pamoja nami. Nilitaka amchukie Zuhura, si Baba. Sikujua kwamba hasira hupita mlango inaoutaka yenyewe.

Nikamwambia yote. Mwanamke, wali, mtoto mchanga. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama anayesomewa barua ambayo ameshaisikia. Nikaona haumii vya kutosha. Nikasema, "Na ana mtoto mkubwa kule, Mama. Zuhura. Ni mkubwa kuliko mimi. Baba alikuwa naye kabla hujanizaa."

Kichwa chake kikaacha kuitikia.

"Umri gani?"

"Kumi na mmoja. Amesema mwenyewe."

Jumamosi Baba akaja. Mama alikuwa amesimama mlangoni tangu lori liliposikika, na mabegi mawili nyuma yake. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia kila neno.

"Nina swali moja," Mama akasema. "Nijibu hilo tu. Mtoto wa Makambako, yule mkubwa, ana miaka mingapi?"

Baba akajibu: "Kumi na mmoja."

"Basi."

"Lakini sikiliza, Mama Festo, yule..."

"Inatosha. Nimeuliza moja, umenijibu moja."

Tukaondoka mchana uleule kwenda kwa wazazi wa Mama, karibu na Uwemba. Baba alisimama uani na mikono imemning'inia. Festo alibeba begi zito, na tulipofika kwenye kona yenye miti ya miwati aliniambia bila kunitazama, "Nilikwambia tungoje." Daftari alilifungia kwenye sanduku la babu. Hakuliandika tena, na mpaka leo, yeye akiwa mzee wa familia Mbeya na mimi na mvi zangu, hajawahi kulitaja.

Baba alikuja Uwemba mara nyingi. Mama hakumfukuza, alimpa kiti, alimpa chai, akaondoka kwenda shambani. Baadaye Baba akawa anatuma. Miezi kadhaa baada ya kuhama, Baba Anitha alituletea bahasha yenye Mkono wa Shaba, na kwenye jalada pameandikwa Toleo la 50. Zuhura alikuja kuniambia miaka mingi baadaye kwamba siku hiyo Makambako kulikuwa na zogo mezani kwa Mzee Sefu. Watoto waliokuwa na matoleo kumi na mawili mapya walikuwa wanamdai yote ya katikati, wakimwita mwizi, na yeye mzee wa watu anawaapia kwamba hayajafichwa popote. Festo hakuhitaji kuelezwa. Alitazama jalada mara moja tu. "Wamerudi kwenye hesabu ya zamani," akasema, akalirudisha kwenye bahasha. Hatukulisoma. Na Mzee Sefu sikumwomba radhi kamwe. Nilipopata akili na nauli ya kumtafuta, alikuwa ameshazikwa kwao Kondoa.

Baba alifariki Makambako mwaka juzi. Mama alikataa kwenda msibani. Alisema miguu inamuuma, nami nilijua si miguu. Festo alikuja akasimama nje kwenye turubai na wanaume, akashika koleo, akaondoka kabla ya chakula. Mimi nililala pale, na asubuhi ya pili Zuhura, ambaye sasa ana duka la dawa za kilimo, aliketi kando yangu kwenye mkeka. Tuliongea vitu vidogovidogo. Kisha akasema, kama anayeeleza jambo ninalolijua:

"Mimi hakunizaa, lakini sikuwahi kujua tofauti."

Nilimwomba arudie.

"Baba yangu mzazi alikuwa dereva. Lori lilimuua Mlima Kitonga nikiwa na miaka sita. Baba Yusufu alitukuta mimi na Mama tuna miaka mitatu ya shida, mimi nina tisa. Mimi nilikuwa naogopa shuleni nikiitwa mtoto wa marehemu, ndipo akawaambia mtaa mzima waanze kumwita Baba Zuhura." Akatazama mikono yake. "Kuna kitu kilimsumbua mpaka mwisho. Alimwambia Mama kwamba siku mama yako alipoondoka, hakuuliza habari ya mtoto mchanga. Aliuliza umri wangu mimi. Hakuelewa kwa nini umri wangu."

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta.

Nilikaa na neno hilo miezi mitano. Nilijiambia Mama ni mzee, moyo wake una presha, limeshapita. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mwishowe nikaenda Uwemba siku ya jua, nikamkuta uani amevaa sweta mbili, anamenya viazi, nikachukua kisu nikaketi kumsaidia.

"Mama," nikasema, "yule mtoto wa Makambako."

"Zuhura," Mama akasema. Sikuwahi kumsikia akilitamka jina hilo.

"Hakuwa wa Baba. Baba alimkuta ana miaka tisa. Ni mtoto wa dereva mmoja marehemu. Mimi nilikwambia nisichokijua."

Aliendelea kumenya kiazi kile mpaka kikawa kidogo kama yai la njiwa. Kisha akakiweka chini.

"Umejua lini?"

"Msibani."

"Miezi mitano," akasema. Akatazama kule kwenye miwati. "Kwa hiyo unazaliwa wewe, kule hakuwa na mtu..."

"Ndiyo, Mama."

"Yule aliyekaa kwenye ubaridi nje ya wodi siku mbili, manesi wanamfukuza anarudi. Ananiletea uji kwenye chupa ndani ya koti. Nikawa kila nikimkumbuka najiambia, na kule alikuwa akipeleka chupa nyingine." Akakiokota kiazi kile, akakirudisha chini. "Kumbe alikuwa wangu. Miaka ile yote alikuwa wangu peke yangu."

Akavuta kitenge akajifunika uso. Tangu tuondoke kwa Baba sikuwahi kumwona Mama akimlilia, hata siku tuliyopigiwa simu kwamba amefariki. Siku ile alilia mpaka jua likaondoka uani, na mimi nilikaa kando yake na kisu mkononi, sikumwambia anyamaze.